Skrini Iliyotazama Barabara

Baraka, siku moja kabla ya boti

Mwanangu Wabiwa, wewe niliyekupa jina la mama yangu, ninayekuita mama mpaka wageni wanachanganyikiwa,

Jumatatu uliniuliza swali na sikukujibu. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa bureau yangu ya kuandikia barua na kikombe cha chai mkononi, ukasema: "Papa, écran gani nitafute kule Kalemie? Ya kidogo tu inatosha, sababu pengine batanirudisha kisha mwezi moja." Nikasema tutaona. Halafu nikachukua ngazi na kitambaa, nikapanda kusafisha mabamba ya umeme wa jua ambayo nilikuwa nimeyasafisha asubuhi hiyohiyo.

Tangu siku hiyo unadhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Nilikusikia ukimwambia mama yako. Sikukasirika, mama. Niliona aibu. Kuna kosa nililokutendea miaka miwili iliyopita, nawe hulijui, na swali lako la skrini lilinisimamisha mbele yake. Nimeamua kukuambia kabla hujapanda boti, ingawa naogopa kwamba ukishajua utaondoka na hutataka tena kuiona nyumba hii. Basi nivumilie nikianza na skrini. Unanijua, hata nikitaka kumwomba mama yako msamaha huwa naanza kwa kuisifu mboga yake ya sombe.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua na kumheshimu shangazi yako utakayekaa kwake sitayagusa. Mama yako ameyarudia wiki nzima, nadhani hata mbuzi wa jirani wameyashika.

Nimefunga bureau saa tisa mchana. Nawasikia wewe na mama yako chumba cha pili mkikunja nguo na kucheka, na nina hamu nawe tayari, wakati kati yetu kuna ukuta mmoja tu wa matofali. Sikujua kwamba mtu anaweza kumkumbuka mtu ambaye bado anamsikia akikohoa.

Skrini yangu ya kwanza niliinunua kwa ajili ya majirani. Nakuambia ukweli. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa nimeanza na mashine ya kuchapa ya chuma, nikiwaandikia watu barua barazani, kisha mfanyabiashara mmoja akaleta kompyuta kwa boti kutoka Kigoma, pamoja na skrini kubwa kuliko zote zilizowahi kushuka hapa, au ndivyo alivyosema yeye. Mama yako alikubali tugeuze salon, chumba chetu cha wageni, kuwa bureau. Viti vyake vya harusi vilihamia chumba cha kulala, na kwa miaka mingi tukawa tunapanda juu ya viti ili kufika kitandani. Hakunung'unika. Alisema tu, "Nyumba yetu inageuka depo." Sasa ninapofikiri, huko ndiko kunung'unika kwenyewe.

Meza niliiweka dirishani, na skrini nikaigeuza uso wake utazame barabara. Mimi nilikaa upande, shingo imepinda, naandika huku nachungulia kazi yangu mwenyewe kwa pembeni. Kwa nini? Ili wanaokwenda sokoni waone. Na waliona. Watu walisimama dirishani kutazama herufi zikitokea moja moja, wengine wakanihesabia makosa kwa sauti. Nilijiona mtu mkubwa. Shingo iliniuma miaka miwili, na nilimwambia muuguzi kwamba ni malaria.

Siku moja akaja mvuvi kutoka Swima, mtu wa makamo, mpole. Alitaka nimwandikie barua kaka yake wa Uvira, kumwomba ruhusa ya kuuza sehemu ya shamba waliloachiwa na baba yao, kwa sababu mtoto wake alihitaji kupasuliwa. Aliniinamia sikioni akaniambia yote polepole, hata jambo la mtoto. Niliandika. Uso wa skrini ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote.

Alirudi baada ya siku mbili. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. "Papa Wabiwa," akasema, "mi nilikuletea maneno ku sikio. We ukaianika inje sawa ndagala. Nilifika kwangu, nikakuta badada yangu bote bananingojea ku mulango, banalia shamba." Ndagala zetu hizi, samaki wadogo tunaowatandaza juani mchangani, kila anayepita anawaona na kunguru pia. Mtu fulani alisoma dirishani, akapanda pikipiki, akafika Swima kabla yake. Mtoto alikuja kupasuliwa baadaye, akapona, Mungu alisaidia kuliko mimi. Lakini yule mtu tangu siku hiyo alipitia upande wa pili wa barabara, hata baada ya mimi kuvuka na kumwomba radhi.

Jioni ile niligeuza meza. Mgongo wa skrini ukatazama barabara, uso ukatazama ndani. Nikawatangazia wateja wote kwamba kinachotokea kwenye skrini hii kinasomwa na watu wawili tu, mwenye barua na mwandishi, na kwamba baada ya kuchapwa hata mwandishi anasahau. Watu waliipenda sana kauli hiyo. Wazee wa Lubondja walishuka na barua zao za mashamba, na mchungaji mmoja wa Bibokoboko alikuja na orodha ya familia zake akaniachia usiku mzima, kwa sababu walisikia kwamba kwa Papa Wabiwa maneno hayatoki nje. Nililikuza jina langu juu ya kauli hiyo. Ishike, nitairudia hapa chini na utaona kwa nini inanichoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye chumba chako cha Kalemie: dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako, mwanga wa ziwa utapiga kioo na utajiona wewe mwenyewe badala ya kazi. Likiwa mbele, macho yatapigana na jua siku nzima. Na kazi hii mpya, unayoifuata kwenye umeme na mtandao wa Kalemie, ni kusikiliza watu wakizungumza kwenye mikutano yao na kuandika walichosema. Hao watu hawajui kama upo. Nunua casque ya kusikilizia inayofunika masikio yote, usifungulie sauti chumbani hata kama shangazi yako ni kiziwi nusu. Usichukue skrini yenye kioo kinachong'aa. Dukani itakuvutia, ina rangi kama sherehe, lakini nyumbani itakuonyesha taa, pazia na pua yako.

Sasa unacheka, najua, kwa sababu unakumbuka ile plastiki.

Acha niisimulie mimi mwenyewe kabla hujaisimulia wewe huko kwa watu wa Kalemie na kuiongeza chumvi. Skrini ya pili ilipokuja, ilikuwa na ngozi nyembamba ya plastiki mbele, ile wanayobandika kiwandani. Mimi sikuitoa. Hapa kwetu nani anatoa? Kiti kipya kinakaa na nailoni yake mpaka wajukuu, na rimoti inavishwa mfuko. Nilitaka kitu kikae kipya. Mama yako akaongeza kitambaa alichofuma kwa mkono, akakitandaza juu ya skrini, maua yakaning'inia mpaka kwenye nusu ya mstari wa kwanza. Miaka miwili niliandika nikitazama ukungu. Nikaongeza mwanga mpaka mwisho, macho yakatoka machozi, nikanunua miwani ya sokoni, nikabadilisha miwani, nikaombewa kanisani. Wewe ulikuwa na miaka tisa au kumi. Ulikuja na daftari, ukaweka kidole kwenye pembe ya skrini, ukavuta. "Papa, hii iko plastiki! Haukuitoa?" Ikabanduka yote kwa mlio mmoja. Nikaona herufi nyeusi kabisa, nyembamba, safi. Nilikukemea kwanza, halafu nikacheka mpaka mama yako akaja kuuliza nani amekufa.

Tangu siku hiyo nilijua una macho kuliko mimi. Ninataka ukumbuke kwamba nilijua.

Wewe pia ndiye uliyenitoa kwenye balaa la kibodi. Kompyuta nyingine ilikuja kutoka upande wa Tanzania ikiwa imepangwa kwa Kiingereza, na vidole vyangu vilikuwa vimefundishwa kwa mashine ya Kifaransa. Kila nilipogonga a ikatoka q. Niliandika cheti cha ubatizo cha mtu wa Bqrqkq na padri akanirudishia akiwa na huruma usoni. Uliingia kwenye mipangilio, ukabonyeza mara tatu, ukaniambia, "Sasa andika, lakini usitazame vidole." Kwa hiyo unaponunua kibodi, ijaribu hapo hapo dukani kwa sentensi nzima, na usione haya kumkalisha muuzaji. Vidole vyako ndivyo vitakavyokula nayo, siyo vyake.

Na skrini, ijaribu hivyohivyo. Mwambie aweke ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu, nawe utazame kona zote nne taratibu. Kama kuna nukta iliyokufa utaiona kwenye mweupe. Kama mwanga unavuja pembeni utauona kwenye mweusi. Zile zilizotumika Ulaya si mbaya, nyingine ni ngumu kuliko mpya, ila chungulia matundu ya waya nyuma: kompyuta yako ya kupakata ina tundu moja tu la picha, na mimi niliwahi kupanda boti na skrini nzuri nikafika nayo nyumbani haina tundu linalolingana. Ilikaa kabatini mwaka mzima tukiitumia kama kioo cha kuchania nywele. Soma pia kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kuna zile ambazo umeme wake unapitia kwenye kiboksi kidogo cha nje cha volti kumi na mbili. Hizo tafuta. Umeme wa Kalemie upo, lakini ukilala, skrini ya namna hiyo fundi anaweza kuifunga kwenye betri moja kwa moja, bila kupoteza nusu ya nguvu njiani.

Ukubwa: isiwe ile ya kunishinda mimi mbele ya majirani, wala isiwe ndogo. Utahitaji sauti upande mmoja na maandishi upande mwingine, zote zionekane bila kufungua na kufunga. Kaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Ukingo wa juu uwe usawa wa macho, na kama miguu yake ni mifupi, weka kitabu kinene chini. Nimesema isiwe ndogo. Nitafika hapo.

Kabla sijafika, kiti. Sijui niseme nini juu ya kiti bila kuumia. Tangu nilipogeuza skrini iangalie ndani, mimi nilikaa nikitazama barabara kupitia juu yake, na mlango wa kwenda nyumbani ukawa nyuma yangu. Nilitaka nione mteja akija. Miaka yako yote ya shule uliingia kwa mlango huo na kuniambia habari zako kwenye mgongo. Ulipokuwa wa pili darasani uliuambia mgongo. Ulipoanguka kwenye mawe ya mto na kuchana goti, nilikuona nilipomaliza ukurasa. Nilikuwa nasema "ndiyo, mama, ndiyo, mama," na nilifikiri hiyo ni kusikiliza. Nikuambie kitu kinachonijia siku hizi? Najaribu kuukumbuka uso wako wa miaka saba na ninapata sauti tu. Ningetoa mashine zote za chumba hiki ili nigeuke mara moja kwenye kiti kile na kukuona ukiwa na vumbi la shule miguuni.

Kwa hiyo weka meza yako namna kwamba anayeingia akute uso wako. Kazi ya nyumbani ina hila hiyo, watu wa nyumbani wanakuona upo na wewe hupo. Kiti chenyewe kiwe cha mbao kwa fundi, kwa kipimo chako, viwiko vikae sawa na meza na miguu iguse chini. Kile cha plastiki chenye mto kilinipa mgongo nilio nao leo.

Basi. Nimezunguka vya kutosha, na mama yako amepita hapa mara moja akauliza, "Tangu saa tisa we unaandika écran tu?"

Mwaka ule ulipopata diploma yako, uliomba nafasi kwenye kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta huko Lubumbashi. Ulitumia anwani ya barua pepe ya bureau, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwezi mzima, kila asubuhi kabla ya kufagia, ulikuja ukasimama pembeni yangu: "Papa, haiyafika?" Nami nikafungua, tukatazama pamoja.

Kisha ukaenda Lubondja na mama yako kuvuna mihogo kwa bibi yako. Siku ya pili ya safari yenu, asubuhi, barua ikafika. Jina lako lilikuwa juu yake. Kwa kauli yangu mwenyewe niliyoitangaza barabara nzima, haikuwa yangu kuifungua. Niliifungua. Walikuwa wamekuchukua, Wabiwa. Walikupa na kitanda cha kulala. Walisema wanangoja jibu lako ndani ya siku tano, na ukikaa kimya nafasi itaenda kwa mwingine.

Nilifurahi. Naapa nilisimama na kupiga makofi peke yangu. Nilikwenda mpaka kwenye kituo cha pikipiki kumtuma mtu Lubondja aje akuite. Nikiwa njiani alinisimamisha mteja, akauliza kama Wabiwa yupo, kwa sababu ana karatasi za herufi ndogo ndogo na anajua mimi sizioni tena. Nikamwambia unarudi keshokutwa. Akasema, "Basi mi nitamungojea yeye." Na pale, mwanangu, kitu kikageuka ndani yangu. Nilirudi bureau bila kumtuma mtu. Nilikaa nikafikiri: bila yeye chumba hiki kinafungwa. Kisha nikafikiri jambo lililokuwa chini ya hilo, na ndilo la kweli: bila yeye nitakaa hapa mchana kutwa na hakuna mtu atakayeingia kwa mlango ule wa nyuma.

Nikaihamisha barua kwenye folda ya zamani ambayo wewe hufungui kamwe. Uliporudi bado zilikuwa zimebaki siku mbili. Ulitua kapu la mihogo, hukunawa hata mikono, ukaja. "Papa, haiyafika?"

Nikasema, "Bado, mama."

Kesho yake nikasema tena bado. Na kesho yake. Nilijiambia kila mara kwamba jioni nitasema. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini yangu hayakuwa yamemwagika, nilikuwa nimeshika chungu mwenyewe na kukiinamisha siku mbili nzima, polepole.

Mwezi ulipokwisha ulisema maneno ambayo nayasikia mpaka leo. Hukulia mbele yangu. Ulisema, "Haizuru, papa. Pengine mi sikufaa." Nikakugusa bega nikakwambia Mungu ana mipango yake. Nilimsingizia Mungu, na ndilo jambo ninaloliombea msamaha kwake kila Jumapili bila kulitaja jina lake.

Nilidhani utasahau. Una kicheko kile, nikadhani imepita. Lakini nimekutazama, safari hii nimekutazama kweli. Kazi hii uliyoipata sasa, jaribio lake uliliandika mara tatu kabla ya kulituma, wakati la kwanza halikuwa na kosa. Walipokuandikia kwamba wamekukubali, ulimwomba mama yako asimwambie mtu bado. Na Jumatatu ukaniambia utatafuta skrini ndogo, kwa sababu pengine watakurudisha. Mtu anayeamini atabaki hanunui kitu cha mwezi mmoja. Lile "sikufaa" ni mimi niliyelipanda, nawe umelimwagilia miaka miwili ukidhani ni lako. Sikuweza kusema "nunua kubwa, mama, watakuweka," kwa sababu kila neno langu la kukutia moyo lingekuwa linakaa juu ya uongo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka miwili, lakini imefika.

Sitaki uniambie kwamba nilifanya kwa sababu nakupenda. Najua mtajaribu kunisaidia hivyo, wewe na huruma yako. Nakupenda, na pia nilikuibia. Yote mawili yalikaa kwenye kiti kimoja. Kama utapata mtoto siku moja, au mume, au rafiki anayekuachia mlango wake wazi, jichunguze hasa pale unapompenda sana, kwa sababu mimi pale ndipo nilipojipa ruhusa. Yule mvuvi nilimkosea kwa majivuno na niliweza kumwomba radhi barabarani. Wewe nilikukosea kwa hamu ya kubaki nawe, na hamu hiyo haijapungua hata leo ninapokuandikia. Ukiniuliza sasa hivi kama nataka uende, mkono unataka kuandika hapana. Nenda. Nenda kabla sijapata sababu nyingine nzuri.

Juzi nilimwambia mama yako. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akausogeza, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Hakunisemesha mpaka jana jioni. Nilimwambia mpango wangu, kwamba nitaficha barua hii kwenye carton la vitu vyako, kati ya blanketi na kompyuta, uikute ukishafika Kalemie. Ziwa likiwa katikati yetu, ukasirike kwa nafasi, nami nikae hapa nikingoja simu.

Akasema, "Usimuwekee mu carton. Umupe ku mukono. Akilia, alilie mbele yako."

Nimeikuta ile barua ya Lubumbashi. Haikufutika. Nimeichapa leo, ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya kabla ya kufunga, na nimeiambatanisha hapa nyuma. Ina tarehe, ina jina lako lote bila kosa, na ina sentensi moja inayosema kwamba kati ya walioomba, kazi yako ilikuwa miongoni mwa zilizowafurahisha zaidi. Isome peke yake kwanza, bila mimi. Hiyo sentensi ilikuwa yako tangu siku ile. Ukishaisoma, ndipo uamue ukubwa wa skrini.

Kesho tukishakunywa chai nitakupa karatasi hizi mkononi. Nimegeuza kiti. Nitakaa mbele yako mpaka umalize, na sitasema neno, hata ndiyo mama. Ukitaka kunitukana, nitasikiliza kwa uso. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Kisha utakuwa wakati wa kushuka ziwani, na nilikuwa nimepanga kubeba carton lako mimi mwenyewe mpaka ndani ya boti. Lakini ukiniambia mtu mwingine alibebe, nitamkabidhi hapo mlangoni, na sitawafuata.

Baba yako